Namba ya Wodi ya Wazazi

Wakati wakubwa wa kisiwa chetu cha Ndzuani walipokataa kuitii serikali ya Moroni, mimi nilikuwa ng'ambo huku Moroni, mji mkuu, mtaa wa Magoudjou, katika nyumba niliyomjengea binti yangu. Kwetu nyumba hujengewa binti. Mwenyewe alikuwa Mutsamudu, mji wa Ndzuani tulikozaliwa sote, mkunga hospitalini. Nililala chumba cha nyuma. Cha mbele nilikifagia tu.

Simu ya mezani ya wodi yake ilikufa siku nyingi. Basi alitumia kazini simu yake ya mkononi, aliyojinunulia. Namba yake ikajulikana kwa kila mwenye mimba, mpaka vijiji vya milimani. Mimi mama yake nikipiga, laini ina mtu.

Meli zilipozuiwa, na mtandao wa kisiwa kile ukawa unakatika kila mara, tukapatana hivi: nikishaswali magharibi nimbipu, iite kidogo nikate, naye anibipu vivyo hivyo. Maana yake yu mzima.

Jirani yangu akanikuta na simu mapajani. Jina lake ninalo, kama ninavyoyakumbuka ya mtaa ule mzima, lakini ameshatangulia, sitaliandika.

"We Mndzuani, binti yako bado anawazalisha waasi?"

"Nimwambie awarudishe tumboni?"

Akacheka. Lakini hakuja tena, na wengine nao wakapunguza miguu.

Kila jioni bipu ilikuja. Nikala, nikalala. Ramadhani ikapita hivyo, na Idi nayo, bila sauti ya mtu.

Kisha redio ikasema majeshi yatavuka kwenda Ndzuani. Siku ile nikanunua vocha, nikapiga, wala sikukata. Akapokea msichana nisiyemjua.

"Wodi ya wazazi, nani mwenzangu?"

"Mama yake mwenye simu. Nipe mwanangu."

"Koko," akasema, ndivyo tunavyoitwa mabibi, "kwani hakukwambia? Alipelekwa zahanati ya milimani kabla ya Ramadhani. Huko mtandao haufiki. Simu ameiacha hapa, maana wajawazito wanaijua namba hii tu."

"Na anayenibipu?"

"Mimi. Alisema, mama akibipu mrudishie, apate usingizi."

"Yu mzima?"

"Dereva wa mwisho kushuka alileta salamu zake. Tangu hapo barabara imefungwa, Koko."

Nyuma yake mwanamke alikuwa analia kwa uchungu.

"Naitwa, Koko. Kesho nikubipu?"

"Bipu yako itanilaza vipi, na sasa najua ni wewe?"

"Basi nifanyeje?"

"Nikipiga, pokea. Uniambie barabara imefunguliwa au bado."

Kila jioni akapokea. "Bado, Koko." Hakuongeza neno, nami sikuuliza jingine. Hiyo ndiyo sauti pekee niliyoisikia kutwa nzima. Majeshi yakavuka, laini ikafa. Nikawa napiga hivyo hivyo, namsikiliza yule mwanamke wa kampuni ya simu anayesema mteja hapatikani, mpaka nikamzoea.

Laini ilipofufuka, yule msichana akapokea mbio. "Imefunguliwa, Koko! Ngoja!"

Nikasikia simu inapita mkono hadi mkono, halafu mtu anahema.

"Mama, ni mimi. Nina mtu kitandani, anasukuma."

"Nenda," nikamwambia.

Akaenda. Sikuwahi hata kumwuliza kama amekula.