Miaka Yangu ya Kuimbia Duka Vijembe

Siku ya kwanza kazini sikuajiriwa kuimba. Niliajiriwa kukunja mapazia. Duka lilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, likiuza mapazia, magodoro, sufuria na vyombo vya plastiki, na msimamizi wake alikuwa mama mmoja, Mnyakyusa mwenzangu, ambaye sote tulimwita Mama Meneja. Saa nne asubuhi mtangazaji wa mlangoni akapiga simu kusema koo limevimba. Mama Meneja akatutazama mmoja mmoja, macho yakakomea kwangu.

"Atupele, si ulisema unaimba kwaya?"

"Naimba, mama."

"Haya, shika kipaza sauti."

Nikasoma bango la bei neno kwa neno, kama mtu anayesoma somo la Jumapili. Watu wakapita bila kugeuza shingo. Kinyozi wa jirani alikuwa anapiga muziki wa vijana, mdundo mtupu usio na maneno, nami nikaanza kuweka maneno yangu juu yake. Nikamwimba baba mmoja wa kubuni aliyenunua televisheni pana kama mlango, huku mama watoto analala kwenye godoro lililokonda kama chapati. Kila nilipomaliza ubeti nilirudia, "Picha safi, mbavu zinauma!" Wanawake wakasimama, wakacheka huku wakiwakazia macho waume zao. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akaingia dukani akisema kwa sauti, "Nipeni godoro kabla huyu dada hajataja mtaa wangu!"

Jioni Mama Meneja aliniambia maneno matatu tu: "Kesho usikunje mapazia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kutunga nyimbo za vijembe kwa ajili ya maduka. Leo vijana mnatengeneza matangazo kwenye simu mkiwa mmelala kitandani, kwa hiyo acha niwaeleze sisi tulivyofanya. Kwanza tulitafuta biti, yaani mdundo wenyewe, kwa kijana wa studio ambaye alikuwa amebandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Halafu kibwagizo, yale maneno yanayorudiwa, lazima yawe mafupi kiasi kwamba mtoto ayashike akiwa anatumwa chumvi. Kijembe chenyewe kilikaa kwenye ubeti. Ukikiweka kwenye kibwagizo watu wanakichoka siku ya pili.

Baada ya hapo wimbo uliwekwa kwenye gari la matangazo, pikapu yenye spika nne za honi juu na amplifaya chini ya kiti. Dereva wangu alikuwa Mgaya, Mbena wa Njombe, mtu asiyesema sana. Tulitembea na kibali cha halmashauri, na tulikuwa na miiko. Ukikaribia hospitali unazima. Shule, unazima. Ukiona turubai la msiba, unazima na unapunguza mwendo. Wapo wenzetu waliopita msibani wakicheza muziki, wakarudi kioo cha mbele hakipo.

Mama Meneja naye alikuwa na mwiko wake mmoja. "Gwe Atupele, mcheke mtu anayeweza kucheka na wewe," aliniambia. "Usiguse kabila la mtu, wala kilema, wala njaa yake."

Kanisani mambo hayakuwa mepesi. Mzee mmoja wa usharika aliniita vestri, kile chumba cha wachungaji, akaniambia sauti ya kumsifu Mungu haiwezi kusifu ndoo za plastiki, nichague moja. Nikamwambia, "Baba, ndoo hizo ndizo tunazotekea maji ya ubatizo." Nikasimamishwa kwaya miezi mitatu. Nilikaa benchi la nyuma miezi yote mitatu, na niliimba kwa nguvu kuliko sauti ya kwanza nzima ya kwaya.

Baada ya miaka kadhaa kampuni yenye duka letu ikafungua tawi la pembejeo Iringa mjini: mbegu, mbolea, dawa za mimea. Mimi na Mgaya tukahamishiwa huko pamoja na gari. Tawi hilo lilisimamiwa na Mkurugenzi mwenyewe, mwenye kampuni, mtu nadhifu anayenukia marashi. Wiki ya kwanza tu akaniita ofisini, akaweka mezani pakiti ya mbegu za mahindi.

"Wakulima wa huku wanang'ang'ania mbegu za kwenye kihenge," alisema. "Nataka waone aibu."

Nami nikawatungia aibu. Nilimtunga Baba Kisasa, mkulima mwenye simu kubwa na miwani ya jua, anayepanda mbegu ya bibi yake. Kibwagizo kilikuwa, "Simu ya leo, mbegu ya juzi!" Sijawahi kutunga wimbo uliosambaa vile. Tuliupeleka Igowole, mji mdogo wa wakulima, siku ya gulio, tukakuta wameshaujua kabla hatujafika. Watoto waliwaimbia babu zao shambani. Mwanaume akitoa mbegu zake za akiba, majirani wanaanza, "Simu ya leo!" Pakiti zetu zikaisha, zikaletwa nyingine, nazo zikaisha. Nilijiona malkia.

Mvua zikanyesha, watu wakapanda. Wiki tatu baadaye tulirudi Igowole na tangazo la mbolea. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mama mmoja akaja moja kwa moja hadi dirishani kwangu, kanga ya mgongoni imelowa. Aliitwa Mama Upendo, alilima upande wa juu wa mji.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mama."

"Ndiye wewe wa Baba Kisasa?"

Nikasema ndiye mimi, tena kwa tabasamu, nikidhani anataka wimbo. Hakutabasamu. Aliniambia nishuke nikaone. Tulipanda naye mpaka shambani kwake. Mistari ilikuwa imenyooka, palizi safi, lakini mahindi yalikuwa yamechomoza hapa moja, pale moja, katikati mapengo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

"Mbegu yangu niliachiwa na mama mkwe," alisema. "Kila mwaka naichagua kwa mkono. Mwaka huu mume wangu aliimbiwa ule wimbo wako kilabuni, akaja na hasira, akasema tusichekwe tena. Tukawapa kuku ile mbegu." Akanitazama. "Sasa, dada, nitapanda nini?"

Nikateremka njia ile nikiona haya mpaka masikio yananiunguza.

Tuliporudi Iringa nilichukua pakiti ambayo haijafunguliwa. Mgaya alikuwa mtoto wa mkulima, akanionyesha kupima uotaji: unahesabu mbegu kumi, unazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, unakiweka mahali pa joto, unanyunyizia maji. Nilikiweka karibu na jiko langu. Siku ya saba tukafungua. Mbegu tatu zilikuwa zimetoa mzizi. Nyingine zilikuwa laini, zinanuka. Tukafungua pakiti nyingine, ikawa vilevile.

Nikampelekea Mkurugenzi kitambaa ofisini.

"Mbegu hupimwa maabara, si jikoni kwako," alisema.

"Na shamba la Mama Upendo, bosi? Nalo ni jiko?"

"Wakulima hawa hawasomi maelekezo. Wanafukia mbegu kama wanazika maiti, halafu wanalaumu duka." Akaegemea kiti. "Kwanza hilo ni wazo zuri. Nitungie wimbo. Mkulima asiyejua kupanda. Wachekwe, wanyamaze. Nataka wimbo huo ulie gulioni Igowole wiki ijayo."

"Huo sitaimba."

"Basi acha kipaza sauti mezani, nenda zako. Waimbaji wamejaa mjini."

Ningeweza kukiacha. Wengi waliniambia baadaye kwamba ungwana ungekuwa kuacha kazi kimya kimya. Lakini ungwana huo ungemsaidia nani? Kosa langu nilikuwa nimelitangaza kwa spika nne. Kuliungama kwa kunong'ona ingekuwa dhihaka nyingine. Nikamwambia, "Nitaleta wimbo."

Na niliutunga. Siku ya gulio Mgaya aliegesha gari mahali petu pa siku zote, kati ya wauza viazi na wauza mitumba. Nilikuwa nimemweleza yote njiani, nikamwambia kama anaogopa ashuke, niendeshe mwenyewe japo sijui. Hakushuka. Nikawasha biti ileile ya Baba Kisasa. Watu wakasogea wakicheka tayari. Ndipo nikaimba kijembe cha mtu niliyekuwa sijamgusa katika miaka yote hiyo, yaani mimi: Dada wa Spika, mdomo mkubwa, mkono laini, hajui jembe lina mpini au mkia, lakini amewafundisha wenye mashamba kupanda. Kibwagizo kikawa, "Spika imelia, mbegu hazijaota!"

Kicheko kilikuja kidogo, kikakatika. Nikazima biti. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama zangu, baba zangu, niliwacheka na nyinyi mlikuwa na akili kuliko mimi. Mbegu hizi nimezipima, katika kumi zimeota tatu. Msitupe pakiti. Zipelekeni kwa bwana shamba leo hii, na zile zilizobaki majumbani msizipande."

Simu ya Mgaya ikaanza kuita. Mtu alikuwa ameshampigia Mkurugenzi. Mgaya akaitazama, akaigeuza kifudifudi kwenye dashibodi, akaongeza sauti ya amplifaya mpaka mwisho.

"Rudia, dada," alisema. "Betri ipo."

Nilirudia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake tulifukuzwa wote wawili, na mimi nikaitwa kituoni kujibu malalamiko ya kuharibu jina la biashara. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikiwaza nani atanilelea mama yangu kule Tukuyu nikifungwa. Mchana wakaingia wanawake wa Igowole, Mama Upendo mbele, wamepanda basi la alfajiri. Hawakupiga kelele. Kila mmoja aliweka pakiti yake tupu juu ya meza ya askari, wakaketi. Askari akaandika maelezo yao mpaka jioni. Bwana shamba alipeleka mbegu kupimwa, na majibu yalipoonyesha kwamba kweli ni mbovu, shauri langu likaishia hapo. Tawi likaamriwa kuondoa mbegu zile na kuwapa watu nyingine.

Nisiwapambie mambo. Mbegu mpya zilifika mvua zikiwa zimeshapita nusu. Wengi walivuna maharage tu mwaka ule. Mama Upendo alipata vikombe viwili vya mbegu ya ukoo kutoka kwa wifi yake aliyeolewa mbali, akaanza kuizalisha upya, na ilimchukua misimu miwili. Mimi niliona milango ikifungwa kuanzia Iringa hadi Mbeya. "Huyu ukimpa kipaza sauti atakugeuka," wenye maduka walisema. Nilikubali. Ndiyo, ningewageuka kama wangenipa sababu.

Walioniajiri tena ni wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wanaowauzia abiria wa mabasi barabarani. Walikuja wenyewe, wakasema wanataka mtu ambaye akisema vitunguu ni vikavu, abiria ataamini. Niliwaimbia pale barabarani miaka mingi, nikiwacheka wapishi wanaotia kitunguu nusu kwenye sufuria ya ukoo mzima. Kabla ya kutunga nilikuwa napasua kitunguu mwenyewe. Wauzaji wengine walikasirika. Wakazoea. Mgaya alipata lori la mbao Mafinga, na mpaka leo tunapigiana simu.

Sasa nimestaafu. Koo halipandi tena noti za juu, na nakaa Uyole na wajukuu. Vijana wa matangazo wakija kuniuliza siri ya kijembe, nawaambia hakuna siri, kuna kazi: kaonje, kapime, kamwone huyo unayetaka kumcheka anaishije. Wananiona mgumu. Kama ni ugumu, acha uwe ugumu.

Mwaka jana nilialikwa harusi Iringa. Kwenye foleni ya chakula nikajikuta nyuma ya Mkurugenzi, nywele zimekuwa nyeupe, marashi yaleyale. Akanitambua.

"Atupele," alisema. "Bado unajiona shujaa?"

"Hapana, bosi. Shujaa asingeimba ule wimbo wa kwanza. Ila wa pili nauimba hata leo, hapa hapa, mbele ya bibi harusi, ukitaka."

Hakutaka. Akachukua sahani yake, akanipisha mbele.