Paka Aliyelishwa na Ushirika Mzima

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa binti wa miaka kama ishirini, nilimfichia paka maji ya kunywa na nikajiona nimefanya kazi nzuri. Usinitazame hivyo, ngoja nikueleze.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa muuzaji katika duka la ushirika hapa hapa Temeke. Ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi, na nilitembea kifua mbele, maana wanachama ndio walionipigia kura. Ghalani tulikuwa na paka dume wa rangi ya chungwa, tuliyempa jina la Mwenyekiti. Panya walimjua. Tangu aje, hatukutupa hata gunia moja la unga.

Kwa kuwa alikuwa paka wa wote, wote walimlisha. Mama wa vitumbua akipita humwachia kimoja, wapagazi humchovyea mkate kwenye chai ya maziwa, wengine humkatia andazi. Kila mtu aliamini ni yeye peke yake aliyemkumbuka. Mwenyekiti akanenepa hata akilala mlangoni watu wanamruka, nasi tukawatambia wenzetu wa Buguruni kwamba paka wao wamekondeana, wetu anakula ushirika.

Kisha akabadilika. Akawa anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa hovyo, mpaka kando ya magunia. Alikula kama yuko mashindanoni, lakini mgongo ulizidi kuchongoka. Panya wakaanza kumpita mbele ya pua. Wanachama wakasema atupwe, tutafute mwingine. Mimi nilimpenda sana, sikutaka aende. Kwa ujuaji wangu nikaona dawa ni kumnyima maji, maana asipokunywa atakojoa nini? Nikafungia bakuli lake kabatini.

Kesho yake nilimkuta amelala chini, miguu ya nyuma haimbebi. Hapo ndipo alipoingia Mzee Nambunga, mwanachama wetu, aliyekuwa bwana mifugo huko kusini kabla ya kustaafu. Alichuchumaa akatazama sakafu. Pale paka alipokojoa jana, sisimizi walikuwa wamejaa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Binti, hapa mmemwaga sukari?"

"Hapana mzee, mkojo wa Mwenyekiti tu huo. Mie nimemnyima maji ili akome."

Akainuka, uso umembadilika. "Huyu ana kisukari! Sukari inamtoka kwa mkojo na maji yanaifuata. Hayo maji ndiyo yanayomweka hai, na wewe umemnyang'anya. Lete bakuli lake sasa hivi!"

Nililia, mwanangu, sikuficha. Tukamtia kapuni tukampeleka kwa daktari wa mifugo, naye akampima na kuthibitisha. Akamwongezea maji mwilini, akanifundisha kumchoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, kila mara baada ya kuhakikisha amekula. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo chupa ya dawa niliihifadhi kwenye chungu kidogo, ndani ya mchanga mbichi chini ya mtungi.

Kilichoniwia kigumu zaidi ni mkutano wa wanachama. Nilisimama mbele yao nikasema, "Nusura nimuue kwa kumnyima maji, na nyie nusura mmuue kwa vitumbua. Kuanzia leo atalishwa kwa mkono mmoja, wangu, tena dagaa na nyama tu." Walinung'unika, mama wa vitumbua akanuna, lakini kura zilipopigwa nilishinda. Mwenyekiti akarudiwa na nguvu taratibu, akarudi kuwinda. Baada ya miezi kadhaa daktari akapunguza dawa, mwishowe akaisimamisha. Si wote wanaobahatika hivyo, lakini wetu alibahatika, akaishi miaka mingi. Wanawake wa mtaani wakaanza kuniletea paka na mbwa wao niwaangalie, wakaniita Dokta. Jina lile nimelivaa hadi leo, na silivui.

Basi sikia. Mnyama wako akinywa maji kupita kawaida, akikojoa sana, akila huku anakonda, usimnyime maji na usimpige. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kisukari kikicheleweshwa, mbwa hata macho yanaweza kufunga ukungu. Na kabla ya yote hayo, usimnenepeshe ukadhani ndiyo mapenzi. Apimiwe chakula na mtu mmoja, na mbwa atembezwe kila siku, asikae tu kwenye mnyororo.

Nimekueleza haya kwa sababu jana ulinisimulia kuwa mbwa wako kule Mikocheni anamaliza sufuria la maji na kuomba tena, ukacheka. Mimi sikucheka. Inuka, mpeleke leo. Kama ni kisukari kweli, usiogope sindano, njoo nikufundishe, mikono hii haijasahau. Mungu akupe wepesi wa kuona mapema, akupe na moyo wa kukubali pale ulipokosea, na mbwa wako akuzeekee nyumbani. Amina.