Beti ya Karibu

Santuri inaisha kabla ya wimbo. Sauti ya mwanamke inapiga hodi ya tatu, mlio wa udi unapanda kama unaovuta pumzi, halafu kinachobaki ni mkwaruzo wa sindano ukizunguka pale pale. Hakuna neno la kufungia. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimeharibika, akainama kukitazama. Bagamoyo, kwa miaka zaidi ya ishirini, watu hawakuinama. Walijua mkwaruzo ule umeachwa na nini, na walijua cha kuutilia.

Sauti ni ya Mwanabaraka binti Kibwana, msuka mikeka. Alizaliwa Zinga, akaolewa Bagamoyo mjini, akafiwa na mume angali kijana, akabaki katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa, akisuka. Nyimbo alizitunga mikono ikiwa kazini. Alihesabu mizani kwa ukindu: kila uzi unapopita chini ya mwenzake, silabi moja. Neno likizidi, aliufumua mkeka na beti pamoja.

Rafiki yake alikuwa Zeyana binti Azzan, wa nyumba ya duka la vitambaa, ambaye kwao walitoka Omani zamani na sasa hawakuwa na kwao pengine ila Bagamoyo. Walisoma Kurani kwa mwalimu mmoja, na walipokua wakashona sare za kanga kila harusi. Zeyana alikuwa na ulimi mwepesi. Mwanabaraka alikuwa na moyo unaoweka.

Waligombana kwa sentensi moja. Ilikuwa kwenye shughuli ya kumtoa mtoto nje, wanawake wamekaa, Mwanabaraka ametoka kuimba wimbo mpya, na Zeyana akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu shoga yangu akikosa ukindu, husuka maneno. Bei yake moja!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwanabaraka naye alicheka, kwa mdomo. Alipofika nyumbani hakucheka tena, na kwa miezi miwili hakukanyaga mtaa wa kina Zeyana. Mji wote ulijua kwamba hawasemezani.

Lililotokea baadaye mji haukulijua. Siku ya Idi, jua likiwa limekwisha kuwa kali, Zeyana alikuja mwenyewe, peke yake, na sinia la halua na vitumbua lililofunikwa kawa. Akapiga hodi. Mwanabaraka alikuwa nyuma ya mlango, ameketi juu ya kigoda na kazi mkononi. Kupitia ufa wa ubao aliliona pindo la buibui, na juu yake ile kawa, akaitambua: aliisuka yeye, mwaka ambao Zeyana aliolewa. Hodi ya pili. Mkono ukaendelea kusuka. Hodi ya tatu. Baada ya hodi ya tatu mgeni huondoka, ndiyo adabu, na Zeyana akaondoka na sinia lake.

Mwanabaraka alisema baadaye kwamba alikusudia kumfungulia kwenye ya nne.

Mkeka aliokuwa akiusuka siku ile hakuumaliza. Badala yake ulitoka wimbo wa beti nne. Beti tatu za kwanza alimpa Zeyana azungumze:

*Hodi, hodi mlangoni,*
*Nimesimama juani,*
*Sinia li mkononi,*
*Mbona huniitikii?*

Na ya tatu:

*Hodi yangu ni ya tatu,*
*Sikuona hata mtu,*
*Naondoka zangu kwetu,*
*Mbona huniitikii?*

Beti ya nne ilikuwa yake mwenyewe, ya mtu aliyekaa nyuma ya mlango. Hakutaka kumwendea Zeyana na maneno matupu. Alitaka kuomba radhi kwa kitu alichokijua, na alitaka kiwe kizuri.

Ndipo zikaja habari, mwaka 1930, kwamba kuna watu wamefika Dar es Salaam na mashine ya kutia sauti katika santuri, na wanatafuta waimbaji wa pwani. Mjomba wake, Mwinyimvua, mpiga udi, alizileta habari hizo akiwa amekwisha vaa kanzu ya safari.

"Mwanangu, twende. Zeyana nyumbani kwao wana gramafoni. Atausikia hata kama hataki kukuona."

Hilo ndilo lililomwondoa. Walipanda lori la nazi. Walifika katika chumba cha ghorofani kilichotundikwa mablanketi ukutani, joto kama la tanuri, na karani mmoja akawaeleza: taa nyekundu ikiwaka, anzeni, ikizimika, basi. Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu na kidogo.

Mwinyimvua hakuwahi kupigia chombo kisichochoka kusikiliza. Taa ilipowaka alifumba macho akaanza kufungulia wimbo, akapanda, akashuka, akarudi alikotoka kutazama kama kuna alichosahau. Mwanabaraka alimkanyaga mguu. Mjomba alidhani ni ishara ya kumsifu, akaongeza. Alipompa nafasi ya kuimba, dakika nzima ilikuwa imekwenda. Aliimba beti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alivuta pumzi ya beti ya nne, na taa ikazimika.

"Vizuri sana," alisema karani.

"Haujaisha."

"Kilichobaki kitaingia upande wa pili, mama. Leo nta ya kunasia sauti imetuishia. Mtaitwa."

Hawakuitwa. Baada ya miezi mitano santuri ziliwasili katika duka la Abdullatif, kaka yake Zeyana. Upande wa pili alikuwa ameimba bwana mmoja wa Tanga, wimbo wa kusifu gari.

Hapo watu wa Bagamoyo walifanya kosa ambalo ni watu wa pwani tu wangelifanya: hawakukubali kwamba wimbo ni wimbo. Walikaa barazani mbele ya duka, gramafoni ikalia, na kabla sindano haijanyanyuliwa fumbo lilikuwa limekwisha funguliwa. Anayepiga hodi ni nani? Si ndiye anayeimba? Na shoga aliyemfungia mlango ni nani? Msabaha, muuza kahawa, aliweka kikombe chini akasema, "Haya. Binti Azzan amevuliwa nguo kwa mashine." Waliomba irudiwe. Abdullatif aliirudia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufumbua mafumbo, na alipoelewa ilikuwa santuri sita zimekwisha nunuliwa.

Zeyana alisikia yote kutoka ndani, nyuma ya pazia la duka. Alimwambia Zuleha, mwenye kuingia nyumba zote mbili, maneno machache, na Zuleha akayafikisha kama yalivyo.

"Amesema umemwibia hodi yake. Hodi yake, na jua lake, na sinia lake. Umemfungia mlango, kisha umekwenda kuwaambia watu kuwa aliyefungiwa ni wewe."

Mwanabaraka akamwimbia Zuleha beti ya nne, polepole, akamtuma nayo. Zuleha akaenda, akarudi.

"Amesema kiraka hicho, umekikata jana. Amesema mwimbaji hakosi beti. Na usiniangalie hivyo, bibi wee, mimi ni miguu tu. Ijumaa wanahama. Abdullatif amepata duka Dar es Salaam, Zeyana na mumewe wanakwenda nao."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Mwanabaraka alivaa buibui akaenda. Mwinyimvua alimfuata nyuma, bila udi, kwa aibu. Mbele ya duka mizigo ilikuwa imefungwa kamba, na ndani, katikati ya marobota, gramafoni haikuwa imefungwa bado. Ilikuwa ikilia. Mwanabaraka aliusikia udi wa mjomba wake kutoka mbali, na akawa na wakati wa kutosha kufika, maana ulikuwa bado unafungulia.

Alisimama kwenye mlango wa uani, juani. Hakupiga hodi. Santuri ilikuwa inampigia. Moja. Ya pili. Ya tatu. Kisha ule mkwaruzo ukaanza, na hakuna mtu ndani aliyenyanyua sindano. Mwanabaraka aliimba palipobaki, kwa mahadhi yale yale, kama asiyewahi kukatizwa:

*Karibu, mlango wazi,*
*Nilikusikia juzi,*
*Nikashika yangu kazi,*
*Mimi sikuitikia.*

Sindano iliendelea kukwaruza. Kisha sauti ya Zeyana ikatoka ndani, kavu.

"Tangu lini mgeni akamkaribisha mwenye nyumba?"

"Tangu mwenye nyumba aliponipigia hodi nisimfungulie," alisema Mwanabaraka.

"Beti hiyo umeitunga lini?"

"Wiki ile ile ya Idi."

"Muongo."

"Bi Zeyana," alidakia Mwinyimvua kutoka kivulini, "beti ilikuwepo. Nimeila mimi."

"Umeila?"

"Kwa udi. Nilifungulia mno. Sikujua kwamba taa haina adabu."

Ndani kikasikika kitu kama kicheko kilichobanwa. Halafu Zeyana akauliza jambo ambalo mtu mwingine asingeweza kuliuliza.

"Imba tena ule mstari wa kazi."

Mwanabaraka aliuimba.

"Niliusikia," alisema Zeyana. "Siku ile. Niliusikia ukindu ukichakarika. Nikasema, yumo ndani, anasuka, na mimi nimesimama. Hilo ndilo lililoniuma, si mlango. Hata Zuleha sikumwambia." Hatua zake zikasogea mlangoni. "Ungekuwa umetunga jana usingelitia hilo. Ungejificha."

Mlango ulifunguliwa. Hawakukumbatiana, Zeyana hakuwa mtu wa hivyo. Alisema tu kwamba halua imekwisha tiwa sandukuni na kwamba kama Mwanabaraka anataka kula afungue kamba mwenyewe, si ana vidole vya kusukia maneno? Mwanabaraka alicheka, na safari hii si kwa mdomo tu.

Walihama kesho yake. Lakini Zuleha alikuwa uani jioni ile, na miguu yake ilikuwa ile ile. Kabla ya mwezi kuisha, kila mahali santuri ile ilipolia, katika harusi au barazani, ilipofika kwenye mkwaruzo wanawake waliokuwepo waliitikia *Karibu* na kuimba beti nzima, wakiiacha sindano izunguke mpaka wamalize. Watoto walijifunza kwamba wimbo ule unaisha kwa midomo ya watu. Mwinyimvua aliitwa Mla Beti mpaka anazikwa, na alipopita mtaani kulikuwa na anayemuuliza kama ameshiba.

Mwanabaraka alitunga nyimbo nyingine nyingi. Hakuna hata moja iliyoingia katika santuri. Wenye mashine walirudi pwani wakati mwingine, akaitwa, akasema ana oda ya mikeka. Mara moja kwa mwaka alikwenda Dar es Salaam na kawa mpya, akakaa kwa Zeyana siku saba wakibishana. Zeyana alipofariki, mwaka 1952, Mwanabaraka alifika matangani na akalala pale mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo, santuri ilipolia mbele yake, aliinamisha kichwa kwenye kazi yake na kuwaachia wengine kuitikia. Hapakuwa na aliyemuuliza sababu. Waliitikia kwa sauti kidogo zaidi, basi.

Santuri zile zilivunjika moja moja, kama zinavyovunjika. Iliyobaki ina ufa mdogo ukingoni, usiofika kwenye sauti.

Mwanabaraka binti Kibwana alifariki mwaka 1957. Amezikwa Zinga, katika makaburi ya kwao, na kaburi lake halina maandishi.