Miwani ya Kwenda Shabaha

Likizo moja, miaka ile ya Ujamaa, walimu wa wilaya yetu tulipelekwa mafunzo ya mgambo, wanaume kwa wanawake. Mimi niliyekuwa nashtuka hata mlango ukibamizwa nikajikuta napenda bunduki. Si mlio wake. Nilipenda ule utulivu unaokuja kabla, unapolala kifudifudi, unashusha pumzi, na dunia nzima inabaki kuwa duara dogo jeusi. Duara lile nililipata kuliko wenzangu wengi. Nikasifiwa, kisha nikarudi shuleni kwangu Cheyo kufundisha darasa la tatu, nisijue hamu ile niipeleke wapi.

Haukupita muda mrefu akaja shuleni mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, ambaye alikuwa msimamizi wa klabu ya shabaha. Klabu hiyo ilianzishwa na Wazungu wa reli kabla ya Uhuru. Walipoondoka, watu wachache wa mjini waliiendeleza. Kila Jumapili asubuhi walichukua kwa kibali bunduki ndogo za klabu zilizohifadhiwa polisi, wakaenda nje ya mji, pembeni mwa njia ya zamani ya misafara, ambako kulikuwa na kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia una jicho."

Nikacheka.

"Njoo Jumapili," akasema. "Ila kwangu hakuna anayeshika bunduki bila miwani ya kukinga macho."

"Mgamboni hatukuvaa miwani."

"Kule ni mgambo. Huku tunacheza. Mtu hawezi kupoteza jicho kwa mchezo."

"Sasa nivae miwani ya namna gani?"

"Ya kukinga," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Nilianza kutafuta. Duka la ushirika lilikuwa na miwani ya jua tu, nyeusi. Niliivaa nikatazama tangazo la pamba ukutani, na maandishi yote yakazama. Jirani aliyefanya kazi karakana ya reli akaniazima miwani ya kuchomelea vyuma. Hiyo nilipoivaa sikuuona hata mkono wangu.

Nyumbani niliishi na mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Alikuwa fundi wa saa na miwani, mwenye kibanda chake karibu na soko. Shabaha hakuipenda, lakini neno miwani lilimwingia.

"Ungeniuliza mimi kwanza," alisema. "Unataka kioo. Kioo kinene, cheupe, kisicho na namba. Jicho lione kama halijavaa kitu."

Siku mbili tatu baadaye nikakutana na bwana shamba mmoja, mwanachama wa klabu, kijana wa Nzega ambaye alizunguka vijiji vya Ujamaa kwa pikipiki ya serikali. Aliniamkia "Mwangaluka!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, kama kawaida yake, nikamweleza habari ya kioo. Akashika kichwa.

"Kioo? Mwalimu, kioo kikipasuka umejivalisha visu. Vaa kama hii." Akanionyesha miwani yake ya pikipiki, ya plastiki ya rangi ya manjano, yenye mpira kuzunguka kingo na mkanda wa kufunga kisogoni.

Nikamrudishia mjomba maneno yale. Naye akashika kichwa.

"Plastiki inakwaruzika kwa vumbi tu! Baada ya mwezi unatazama ukungu. Unataka kupiga shabaha au kumpiga mtu?"

Nilikuwa kama kuku aliyeitwa na watu wawili. Niliporudi kwa bwana shamba nilikubaliana na bwana shamba, na niliporudi kwa mjomba nilikubaliana na mjomba. Wote walikuwa na sababu, na hakuna kati yao aliyekuwa na haya ya kuniambia kwamba mwenzake atanipofua. Mwishowe nilivaa ya mjomba, kwa sababu tayari alikuwa ameshaitengeneza: vioo vinene kama vitako vya bilauri, kwenye fremu ya kahawia. Ilikuwa safi sana, na nzito puani.

Jumapili ya kwanza mzee aliigonga kwa ukucha, akaguna, akaniruhusu. Akaniambia nilenge macho yote mawili yakiwa wazi, maana ndivyo anavyofundisha yeye. Nikalala, nikashusha pumzi, nikapiga. Risasi zangu zote zikaenda kushoto. Si kushoto kidogo. Karatasi yenyewe haikuguswa.

"Miwani inapinda," nikasema.

Jioni nilimwambia mjomba, akaichukulia kama tusi. Aliweka kioo juu ya karatasi yenye mistari akanivuta nitazame. "Mstari umepinda? Sema wewe mwenye macho. Umepinda?" Haukupinda. Hata hivyo akakaza skrubu, akainyoosha fremu, akaipulizia, akaifuta. Jumapili iliyofuata risasi zikaenda kushoto kama zimeitwa huko. Basi nikaazima ile ya manjano ya bwana shamba. Dunia ikang'aa kama asubuhi baada ya mvua, duara likaonekana jeusi kuliko lilivyowahi kuonekana, na risasi zikaenda kushoto.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilikuwa na miwani mbili na kosa moja. Usiku nilimuuliza mjomba kama inawezekana macho ya mtu kuharibika kwa kusahihisha madaftari. Akanimulika kwa taa, akasema macho yangu ni mazima, labda akili.

Mzee ndiye aliyeniuliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumelifikiria. "Mgamboni ulikuwa unafumba jicho gani?"

"La kushoto. Tuliamriwa."

"Na hapa?"

"Hapa umeniambia nisifumbe."

Akatazama kichuguu. Kisha akaniambia ninyooshe kidole na kukilenga kisiki kilichokuwa mbali, macho yote wazi. Nikakilenga.

"Sasa fumba la kushoto."

Kidole kikaruka pembeni, kisiki kikabaki peke yake.

"Fungua. Fumba la kulia."

Kidole kikatulia palepale juu ya kisiki.

"Haya basi," mzee akasema. "Jicho lako linalotawala ni la kushoto. Unaweka bunduki bega la kulia, halafu jicho la kushoto ndilo linalolenga. Itakwendaje?"

"Lakini mzee, mimi naandika kwa mkono wa kulia."

"Sikukuuliza mkono."

Akanihamishia bunduki bega la kushoto. Mwili wote ulikataa. Nilijiona kama ninayekula wali kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni. Nilikuwa nimevaa tena miwani ya mjomba, maana bwana shamba alihitaji yake. Nikalenga, nikafyatua, na nikaona shimo dogo kwenye karatasi, karibu kabisa na duara. Moyo ukaruka. Nikafyatua tena.

Bunduki ile ilikuwa ya kujipakia yenyewe. Kila ukifyatua inatema ganda upande wa kulia, na inameza risasi nyingine. Ukiiweka bega la kulia, ganda linakwenda mbali nawe. Ukiiweka bega la kushoto, uso wako ndio ulio upande ule, na ganda linapita mbele yake. Siku hiyo halikupita. Liliruka juu, likadondoka katikati ya nyusi na kioo, likakaa pale juu ya kope yangu, la moto.

Nilipiga yowe nikainuka. Sikujua kimenipata nini. Nilidhani nimepigwa risasi. Mkono mmoja ulikuwa unang'ang'ana na miwani, na mwingine bado umeshika bunduki, kidole palepale kwenye kifyatulio, nami nageuka kwa wenzangu kutafuta msaada. Niliwaona wote wameanguka chini, nikashangaa wanafanya nini. Kisha kitu kikashika mtutu kikausukuma juu, na sauti ya mzee ikasema sikioni mwangu, taratibu kabisa, "Achia, mwanangu. Achia bunduki. Mimi ninayo."

Nikaachia. Bwana shamba akaning'oa miwani, ganda likaanguka majanini. Walinimwagia maji kutoka kwenye kibuyu hadi nguo zikalowa. Jicho lilikuwa zima. Kope ilikuwa imeungua, malengelenge yameshaanza kujitokeza. Mzee alikaa chini juu ya gogo akazitoa risasi zilizobaki, moja moja, na ndipo nilipoelewa kwamba bunduki niliyowaelekezea wenzangu ilikuwa na risasi.

Bwana shamba alinirudisha mjini kwa pikipiki. Mjomba aliitazama kope yangu, akaniketisha, akanipaka asali. Halafu akaichukua ile miwani akaigeuza mwangani, huku na huku, muda mrefu.

"Kioo hakina hata mkwaruzo," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua ashukuru au alie.

"Ganda lilipitia juu, mjomba."

"Juu," akarudia. "Mimi nilikuwa nafikiria mbele tu."

Sikutegemea Jumapili mbili baadaye, kope ilipopona, kwamba angetaka kufuatana nami. Alivaa kanzu yake ya kwendea msikitini, tukakokota baiskeli hadi kwenye kichuguu. Hakutaka kuona bunduki. Alitaka miwani zote zilizokuwapo. Aliweka kila moja usoni pangu, akapitisha kidole chake cha mwisho kuzunguka kingo, akitafuta mahali kinapopenya. Kwenye ile yake kiliingia juu, kiliingia pembeni. Kwenye ile ya manjano kiliingia mahali pamoja tu, chini ya pua.

"Imetengenezwa kwa pua ndefu," akamwambia bwana shamba, kama anayemtafutia lawama za mwisho. "Niachie nipashone kitambaa." Bwana shamba akamwachia, na akakataa kurudishiwa.

Mjomba alipashona flana. Alitoboa pia vitundu pembeni kwa sindano ya moto, maana plastiki iliniletea mvuke. Mzee akaniagiza nifunge kilemba kishuke hadi juu ya nyusi, akanipa bunduki ya kukoki kwa mkono badala ya ile inayojipakia. Basi nikapiga vizuri. Nilipiga vizuri misimu miwili ya kiangazi. Lakini ukiniuliza ni kipi kilichonifaa, bega, jicho, bunduki, rangi ya manjano au flana ya mjomba, nitakujibu kwamba vilibadilishwa vyote kwa mpigo na sikupata nafasi ya kuvitenganisha. Mzee alisema ni jicho. Bwana shamba alisema ni plastiki. Mjomba yeye, plastiki ilipokwaruzika, aliing'arisha mwenyewe kwa majivu laini, bila kuombwa.

Kisha Jumapili moja tulikwenda polisi tukaambiwa bunduki hazitoki. Hatukuambiwa kwa nini, wala hadi lini. Mzee alisimama pale ngazini amevaa miwani yake, kibali mkononi, akamuuliza askari mara ya pili kwa upole, na askari, ambaye alikuwa kijana tu, akasema yeye ameagizwa hivyo hivyo. Tukaagana kwa kupeana mikono kama watu waliotoka mazikoni.

Nilipofika kibandani mapema kiasi kile mjomba aliruka kitini akidhani nimeumia tena. Nikamwambia siumwi, klabu imefungwa.

"Wamefunga kwa sababu gani?"

"Sijui, mjomba."

Alinitazama usoni kidogo, kisha akasogea kwenye benchi ili nipate nafasi ya kukaa, akaendelea kufungua saa ya mtu.