Ukanda wa Kisigino

Ukitaka Bwana Shekhan akununie, mwambie viatu vyake vya ngozi si vya asili. Miaka thelathini anashona pale Siyu, na humwapia kila mteja kwamba anakata vile vile alivyokata marehemu babake, hazidishi wala hapunguzi.

Basi mwaka huu maonyesho ya utamaduni yakamtia mashakani. Meza ya mafundi wa jadi ilibaki moja tu. Bi Valary, mkaguzi wa kamati, akavigeuza viatu vyake, akasema kwa upole, "Huu ukanda wa kisigino si wa zamani. Uondoe, meza ni yako." Na Shekhan aliitaka meza ile, tena sana. Hakuna aliyewahi kuisifu kazi yake mbele za watu.

Alasiri akashika kisu. Bintiye Huwaida, anayesomea historia ya uchumi chuoni na yuko likizo, akamzuia mkono. Akaingia stoo, akatoka na viatu vikuukuu vya babu yake na vya baba wa babu yake, akavipanga jamvini.

"Chuoni twafundishwa kwamba kazi za watu hubadilika kama viumbe, Baba. Fundi humwiga fundi, na katika kuiga huzuka tofauti ndogo. Wateja wakiipenda, huigwa na wengine. Wasipoipenda, hufa. Ukanda huu ulianzaje?"

"Si mamako huyo, Mwanamkisi! Alichoka kuacha viatu vyake kwenye matope ya ndia ya kwenda bandarini, nikamtilia ukanda. Wiki ya pili, nusu ya wanawake wa mji wako mlangoni."

"Na jirani yetu Mahdi, fundi mwenzio?"

"Mahdi alikataa kuuweka. Sasa auza soda."

Shekhan akacheka peke yake, kisha akakigeuza kiatu cha babake. Soli ilikuwa ya tairi. Akatazama cha babu yake: ngozi tupu, juu na chini. Lo, tairi! Babake yule mkali, aliyemchapa kwa tundu moja la sindano lililokwenda upande, kumbe naye alibadilisha kimyakimya. Machozi yakamlenga, na moyo ukamfurahi.

Asubuhi akampelekea Bi Valary jozi zote tatu, ukanda wake ungali pale pale.

"Nichagulie kilicho cha asili," akamwambia.

Bi Valary akavigeuzageuza. "Mbona hakuna jozi inayofanana na nyingine?"

"Ndiyo maana duka langu li wazi."

Bi Valary akaliandika jina lake kwenye orodha. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama ipo saizi thelathini na nane, yenye ukanda.