Kumi na Moja ya Nini?

Wakati ya vita, hapa Butembo, namba haikuwa inapita ku phonie bila kitu yake. Basoda, njo askari, balikuwa banasikiliza kila neno ya ile redio, na sheria yao ilikuwa fupi: ukisema kumi, sema kumi ya nini. Samaki ishirini kutoka Kyavinyonge, sawa. Magunia kumi ya viazi kutoka Kirumba, sawa. Ishirini peke yake, hapana! Njo namba ya kuonyesha adui fasi ya kupiga bombe. Ata batoto balijua ile sheria. Miye pia nilijua, nikaivunja, na mutu mwingine njo alifungwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa physique. Ndiyo, mwanamuke, physique, mu vita. Mama yangu alikuwa ananiuliza kama ile masomo inakuliwa na chumvi ao na mafuta. Mémoire yangu, kitabu ya kumaliza masomo, ilikuwa juu ya quarks na gluons mu joto kali. Niseme wazi: ndani ya kila kitu, jiwe ao maharagi, kuko tuchembe tudogo sana, njo quarks. Gluons njo kamba zinafunga tule tuchembe. Vuta quark moja, kamba inakaza. Hakuna mutu ameisha kuona quark iko peke yake. Lakini mu joto ya kupita ya jua kabisa, banasema kamba zinalegea, quarks zinatembea huru. Banasema. Miye, aibu yangu njo hii, niliandika mwaka muzima bila kujua kama inalegea ao inakaza.

Sababu ilikuwa alama moja. Professeur wetu alikuwa anakuja na ndege kutoka Kinshasa, anafundisha wiki mbili mbio mbio, anarudi. Vita ikakata inchi, akabaki ng'ambo. Alituachia syllabus moja, tukaipiga fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, na pale karatasi ilikunjwa, alama mbele ya mabano ilikufa. Ndani ya mabano nilisoma bien: kumi na moja, toa mbili, inabaki tisa. Mbele yake, plus ao moins? Kama ni moins, joto inalegeza kamba. Kama ni plus, inazikaza. Nilijaribu hesabu mwenyewe mara tatu. Mara mbili nikapata moins, mara moja plus. Kichwa ilikuwa inaniuma sawa mutu amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

Phonie ya kanisa yetu ilikuwa mu mikono ya shemasi mumoja, muzee wa pole, mutu wa sala. Nilimulilia. Akatafuta professeur siku nne, mpaka akamupata ku phonie ya parokia moja kule kwake. Ilikuwa saa nane ya muchana, bacuruzi ba samaki banangoja zamu yao nyuma yangu. Shemasi akaninongoneza, "Mwanangu, usisahau. Sema ya nini." Kiisha nikasikia ile sauti: "Eh, binti, uko muzima?" Furaha ikanipanda ku kichwa. Nikapiga kelele, "Kumi na moja, toa mbili, inabaki tisa! Mbele yake ni plus ao moins?"

Redio ikalia shiii. Mbele ya jibu kufika, basoda balikuwa ku mulango.

Balibeba shemasi, hapana miye. Mwenye phonie njo mwenye kosa. Gari yao ikashika njia ya Beni.

Siku ya tatu nikafika Beni na mama. Commandant alikuwa kijana kuliko miye.

"Kumi na moja ya nini?"

Nikaanza kumuelezea kamba, joto, quarks. Maneno ilitoka mu kifaransa, ikarudi mu kiswahili, ikapotea. Akapiga meza. "Lokuta!" Uongo, mu lingala yao. "Namba bila kitu haiko!" Na pale mbele yake, kweli kabisa, miye mwenyewe sikujua tena ile kumi na moja ni ya nini. Ni namba tu, inatoka mu hesabu. Utamuambia soda vile?

Mama yangu, mwenye alikuwa amesimama ku mulango, akasema, "Ya maharagi, mukubwa."

Nikamuangalia. Akanikanyaga muguu.

"Njo vile," nikasema. "Magunia kumi na moja ya maharagi. Mbili ilioza. Inabaki tisa."

Commandant akacheka. "Basi zile tisa ziko wapi?"

Sita zilikuwa mu gala ya mama, mbegu ya kupanda ndani yake. Tatu tuliomba kwa dada zake. Zikapanda lori mpaka Beni, na kesho yake shemasi akatoka.

Nilimukimbilia. "Papa shemasi, Mungu ni mwema!"

Mukono yake ya kuume ilikuwa imevimba. Hakunipa. "Ile kumi na moja ilikuwa ya maharagi?"

"Hapana, papa. Unajua hapana."

"Ninajua. Siku ya kwanza balinambia: sema ni ya kitu, ata ya maharagi, uende kwako. Nikakataa. Siku ya pili vilevile. Nikabaambia ni masomo ya binti mumoja, namba za vitu Mungu ameumba, miye sivijue. Leo banafungua mulango banacheka: nenda, muzee muongo, binti amesema ni maharagi."

"Lakini uko huru, papa," mama akasema.

"Wasingya," akajibu, asante ya kinande, akapanda lori, akatugeuzia mugongo.

Mémoire niliitetea. Niliandika moins, nikapita, na miaka mingi kiisha nikaona mu kitabu kama ni moins kweli. Joto inalegeza. Nilifikiri nitafurahi.

Lakini ile siku tulirudi kutoka Beni, habari ilikuwa imetutangulia Butembo: shemasi anacuruza maharagi na redio ya kanisa. Siku ya Mungu balimusimamisha mbele ya watu. Pasteur akamuuliza kama ni kweli. Akasema hapana. "Mbona binti mwenyewe alisema vile Beni?" Kanisa nzima ikanigeukia. Yeye peke yake hakunitazama.

Kama ningesimama niseme ukweli, labda soda angesikia, na mulango ya Beni ingefunguka tena, kwake ao kwa mama. Ao ilikuwa woga tu, nikaivalisha nguo ya akili. Mpaka leo sijue. Niliinamisha kichwa, na kanisa ikaelewa kama ni ndiyo. Akavua kitambaa ya ushemasi na mukono yake ya kushoto, akaikunja vizuri, akaiweka ku meza, akaenda kukaa nyuma na bageni.