Salamu za Bibi Mbele ya Kamera

Hadi leo nikikikumbuka kile kikao damu inanichemka, na shahada ninayo ndani kabatini.

Nilikuwa muuguzi wa stashahada kwenye zahanati moja ya Handeni, ndani kabisa ukishaiacha barabara ya Mkata. Nilizalisha, nilishona vidonda, nilibembeleza watoto wa chanjo pamoja na mama zao. Lakini cheo hakipandi bila shahada, na kwenda kukaa chuoni miaka yote ile zahanati ningemwachia nani? Nikajiunga kusoma kwa mtandao. Walitutangazia kwamba chuo kitatufuata tulipo. Uongo mtupu. Mimi ndiye niliyekifuata chuo, simu juu, nyuma ya choo cha zahanati, kwa kuwa ndiko pekee mtandao ulikokuwa unashika. Nilivumilia hivyo hivyo hadi ukabaki mtihani mmoja, wa kuwahudumia wazee. Nikifeli huo, shahada sipati.

Mtihani ulifanywa mbele ya kamera. Uwe peke yako chumbani, usigeuze shingo, usifungue mdomo. Nyuma ya choo isingewezekana, kwa hiyo nilipanda basi Mkata nikaenda Korogwe, kwa shangazi yangu anayekaa Kwamndolwa, ambako mtandao haukatiki. Nilitangulia siku moja kwa makusudi. Kwetu mgeni akifika, majirani lazima waje kumwamkia. Nikaona niwawahi. Alasiri yote nilizunguka nyumba kwa nyumba na shangazi, shikamoo hapa, shikamoo pale, ili kesho yake asiwepo mtu mwenye haja ya kuja kuniona. Nililala nikijisifu kwa akili zangu.

Mjinga mimi! Ukimwamkia mtu kwake, naye atakuja kukuamkia ulipofikia. Nimekua nayo desturi hiyo, ila kiherehere cha mtihani kilinisahaulisha.

Shangazi alikaa barazani kuzuia watu. Aliwazuia kweli, wote waliokuja kwa mbele. Bibi jirani hakuja kwa mbele. Huyo alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na nyumba ile siku zote huiingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa katikati ya maswali nikamwona kasimama ndani, na sahani ya mihogo ya kuchemsha mkononi.

"Mgeni wetu!" akasema. "Jana ulikuja wewe, leo zamu yangu."

Ningefanyaje? Aje mtu yeyote aliyelelewa Korogwe aniambie angemtazama mzee huyo usoni, kisha arudishe macho kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba kaingia kuku.

"Shikamoo bibi," nikasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kwenu hawajambo? Mahindi yameshika huko?"

"Hatujambo, bibi. Niko kwenye mtihani."

"Mtihani! Basi ngoja nikuombee."

Akaweka sahani chini, akanyanyua mikono, akaniombea dua kwa Kizigua, dua ndefu, akiwataja wazee wetu waliotangulia mmoja mmoja, nami naitikia amina. Hajamaliza, kioo kikawa cheupe, yakatokea maandishi. Mtihani wangu umesitishwa kwa kosa la kusaidiwa na mtu mwingine.

Baadaye chuo kikaniita kwenye kikao cha nidhamu, kwa mtandao vilevile, nami nikarudi nyuma ya choo changu kuwasikiliza. Walikuwa wahadhiri watatu. Wakaicheza ile video, bibi na sahani yake, halafu mwenyekiti akauliza, "Huyu mama anakusomea nini?"

"Ananiombea dua."

"Mbona ndefu? Na hiyo ni lugha gani?"

"Kizigua."

"Tutajuaje kwamba si majibu?"

Nilishindwa hata kucheka. Bibi ambaye mkanda wa kupimia presha ukianza kukaza anataka kukimbia, eti leo ananipa majibu ya mtihani wa uuguzi! Nikawaeleza mlango wa uani, nikawaeleza mihogo, nikawaeleza desturi.

"Ungenyamaza," mwenyekiti akasema. "Angeondoka mwenyewe."

Hapo hasira zikanishinda. "Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuwahudumia wazee," nikamwambia. "Mzee anaingia, na ninyi mnataka nimpe kisogo ndipo nifaulu?"

"Sheria ni sheria, dada."

Ananiita dada, na hapo hapo ametoka kumfanya bibi yangu mwizi wa mitihani! Wakanifutia matokeo, wakaniambia nirudie mwaka unaofuata. Mwaka mzima nikabaki na cheo kilekile, kwa sababu ya shikamoo.

Mtihani niliurudia pale pale kwa shangazi. Habari za kufutiwa zilikuwa zimeshamfikia bibi, na mimi na shangazi tulijaribu kumweleza tukachoka. Alichoelewa ni kwamba sauti yake ndiyo iliyoniharibia. Siku ya mtihani aliketi mwenyewe kwenye mlango wa uani, na kila aliyekuja alimrudisha kwa mkono, bila kutamka neno. Nilifaulu vizuri. Sasa mimi ni afisa muuguzi kamili, na pale zahanati walinichinjia jogoo.

Ninapokwenda Kwamndolwa siku hizi hubeba ile kompyuta niliyofanyia mtihani. Juzi nilikuwa nimeipakata, naangalia picha za harusi ya binamu yangu, nikamwona bibi anakatiza uani. Aliiona kompyuta, akainamisha uso, akaanza kunyata.

"Shikamoo bibi!" nikamwita kwa sauti yangu yote. "Njoo, hakuna mtihani!"

Akaweka kidole mdomoni, akaenda zake.